Gramafoni Jikoni kwa Mama Mkwe

Mtambo wa muziki wa zamani usiununue kwa kuutazama usoni. Ugeuze, usome mgongoni. Pale waya wa umeme unapoingilia pana kibati kidogo, na juu yake yameandikwa mambo mawili yatakayoamua kama mtaishi nao kwa amani: volti na hezi. Umeme wetu wa majumbani Tanzania ni volti 230, hezi 50. Japani, kunakotoka mitambo mingi iliyotumika, ni volti 100, na hezi zinategemea mtu anakaa upande gani wa nchi: Tokyo na mashariki ni 50, Osaka na magharibi ni 60. Miaka ya 1890 Tokyo ilinunua mashine zake za kuzalisha umeme Ujerumani, Osaka ikanunua za Marekani, na mpaka huo umebaki hadi leo. Nani angedhani kwamba biashara ya karne ya 19 ingekuja kuingia jikoni kwetu Ngamiani, Tanga, imkute mama mkwe anakaanga changu? Iliingia.

Chanzo ni makasha ya Mjomba. Mjomba wangu alifanya kazi bandarini hapa Tanga tangu ujana wake, na kila alichobakiza kwenye mshahara kilikwenda kwenye santuri. Alipozidiwa na magoti akahamia kwa binti yake Dodoma, aliniachia mimi makasha yote, kwa sababu katika wapwa wake ni mimi niliyekuwa nikikaa naye barazani kusikiliza mpaka mwisho, upande wa kwanza na wa pili. Na mtu wa Tanga akiwa na santuri za miaka ya 1960 na 1970 ana kitu. Mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa dansi, na kwenye taarabu ulikuwa na Black Star na Lucky Star, waliochukua gitaa la umeme na besi wakaviweka mahali ambapo Unguja waliweka fidla na ganuni. Humo kwenye makasha mlikuwa pia na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, rumba za Kikongo, na sahani moja nzito ya mizunguko 78.

Nyingine zilikuwa na ukungu. Hewa ya bahari haimwonei mtu huruma. Niliziosha moja moja kwenye beseni kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, nikizungusha kitambaa laini kufuata mistari, bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha nikazisuuza kwa maji ya betri. Nasema yale maji safi ya kuongezea yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, si asidi. Angalia chupa vizuri. Maji ya bomba yakikauka huacha chumvi ndani ya mistari, na sindano inaisoma chumvi hiyo kama muziki. Mume wangu alitaka kunisaidia akaja na chupa ya spiriti. Nilimzuia asiiguse ile ya 78. Sahani za zamani namna ile ni za shelaki, na shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Ile niliifuta kwa kitambaa kikavu nikaisimamisha wima kabatini, kwa sababu inataka pia sindano nene kuliko ya santuri za kawaida, nami sinayo bado.

Kisha ukaja mjadala wa mtambo. Mume wangu alisema tununue sabufa. Alikuwa na hoja: sabufa ni mpya, inakuja na rimoti, inaunganishwa na simu, na duka liko barabara ya pili. Mimi nilisema sabufa haina mahali pa kuweka santuri, na hata ingekuwa napo, besi yake ingemeza gitaa. Nina jambo jingine nalishikilia kwa nguvu zaidi. Sabufa ikifa ubao wake, unaitupa. Amplifaya ya mwaka 1975 unaifungua kwa bisibisi, na kila kilichomo ndani unakiona, unakigusa, unakibadilisha. Kwa nyumba ya mshahara wa kawaida, kitu kinachofunguka ni akiba.

Fundi wetu ana kibanda kisichozidi upana wa kitanda, kimejaa televisheni za mgongo mrefu. Nilimwomba anisindikize kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, na kutembea naye kulinifundisha kuliko kitabu chochote. Akikuta amplifaya hakuulizia jina. Kwanza aliinusa. Alisema kilichoungua hakisahau, harufu hukaa miaka. Halafu alizungusha vifundo vyote: vikikwaruza kwenye spika ni uchafu tu, vinasafishika, usiikatae amplifaya kwa kukwaruza. Aliiwasha akasubiri ule mlio wa "tak" wa rilei baada ya sekunde chache, unaomaanisha kwamba mtambo umejikagua na umekubali kuzifungulia spika. Ikikaa kimya bila mlio, hakuishughulikia tena. Kisha akaweka mita kwenye tundu za spika, muziki ukiwa haupigwi, atafute umeme wa moja kwa moja unaovuja. Chini ya milivolti 50 alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ukiwa mwingi unakwenda kupika koili za spika taratibu, na mwenye nyumba atadhani spika ni mbovu.

Mwisho aliomba ruhusa ya kufungua mfuniko. Alikuwa akitafuta jambo moja. Amplifaya zilizotumia transista zilizotengana alizipenda. Zile ambazo nguvu yote inatoka kwenye kipande kimoja cheusi cha STK alizirudisha kwenye rafu. "Si mbaya, dada yangu," aliniambia, "ila STK ikifa nikanunue wapi halisi? Sokoni ni za kughushi tupu. Transista moja ikifa natafuta ndugu yake, mtambo unaimba." Tulitoka na Sansui yenye kidude cha kuchagulia volti nyuma, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Japani, tukakiweka kwenye 240.

Spika tulizichagua kwa kidole. Kingo zinazounganisha karatasi ya spika na fremu yake zikiwa za sponji, Tanga si mji wake. Unyevu huzila mpaka zinabomoka kama keki kavu. Tulichukua zenye kingo za kitambaa kilichopakwa dawa, nzee kuliko za sponji zilizokuwa kando yake na nzima kuliko zote. Zilipofika nyumbani, kitinda mimba wangu alikibonyeza ndani kile kitovu cha katikati cha spika ya kushoto kabla hatujamaliza kufungua waya. Watoto wote wa dunia hufanya hivyo. Fundi alikivuta kwa karatasi ya gundi kikarudi.

Mama mkwe aliupokea mtambo kwa heshima kamili. Anakaa nasi tangu alipofiwa, na kitu cha maana nyumbani kwetu hakikai uchi. Siku ya pili nilikuta Sansui imevikwa kitambaa cheupe cha kufuma alichokifuma mwenyewe, chenye tausi wawili, na juu ya tausi pamesimama chupa ya maua ya plastiki. Kitambaa kile kilikuwa kimekaa sawasawa juu ya matundu ya kupumulia. Amplifaya za zama hizo hutoa joto hata zikiimba polepole, na joto lazima lipande litoke. Likifungiwa hukausha kapasita kabla ya wakati wake. Lakini mtu hamwambii mama mkwe "ondoa kitambaa chako". Nilimwita aje aweke kiganja juu ya mfuniko baada ya kipindi kizima cha redio. Akaweka, akakitoa haraka, akasema, "Kumbe ina homa!" Kitambaa akakihamishia kwenye spika ya kulia, tausi wakining'inia mbele. Spika haidhuriki na tausi. Tukaelewana.

Lakini matundu yaliyoachwa wazi yana wageni wake. Msimu wa mvua mjusi aliona pale ndani pana joto kuliko darini. Usiku mmoja, redio ikisoma taarifa ya habari, tulisikia mlio mkali, fyuzi ikakata, na mjusi akawa amekufa akigusa sehemu mbili ambazo hazipaswi kuguswa kwa pamoja. Fundi alimtoa kwa koleo mbele ya watoto wote wa mtaa, akabadilisha transista moja na rizista yake, akanionyesha zilipokuwa. Ile transista mpya aliinunua kwa bei ya chini kuliko kilo ya nyama. Baada ya hapo tulishona wavu mwepesi wa kuzuia mbu ndani ya mfuniko, unaopitisha hewa na kuzuia miguu.

Kilichokuwa kinakosekana ni gramafoni. Mume wangu, aliyekwisha kusahau sabufa, sasa alitaka Technics SL-1200, na nilimuunga mkono kwa moyo. Hiyo ilianza kutoka mwaka 1972, na ile ya MK2 ya mwaka 1979 mota yake inaongozwa na fuwele ya kwazi. Haijali hezi za ukutani, na ina kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8. Bei yake tuliisikia tukarudi nyumbani.

Hapo ndipo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipoleta mzigo kutoka Dar es Salaam. Ni kijana mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Alikuwa amepita kwenye duka lililofungua kontena, akaona gramafoni ya Kijapani ya mkanda, yenye kifuniko cha plastiki kisicho na mkwaruzo hata mmoja, na deki ya kaseti ya rangi ya fedha, akanunua vyote viwili, akavifunga kwenye basi na kuja navyo mwenyewe Ijumaa. Alipata sifa zake zote mlangoni. Akaingia sebuleni na, kabla sijamaliza kumtilia chai, akachomeka deki ukutani.

Moshi wa transfoma ya volti 100 iliyopewa 230 ni mweupe na una harufu ya samaki aliyechacha. Mama mkwe alipiga kelele swichi zote za nyumba zizimwe, na kelele zile ndizo zilizoiokoa gramafoni, maana mkono wa pili wa shemeji ulikuwa tayari umeshika plagi yake. Deki haikupona. Tulilala madirisha wazi.

Shemeji alisikitika sana, na sikutaka asikitike. Duka lilikuwa limemwambia ni vizima, na kweli vilikuwa vizima. Siku iliyofuata yeye mwenyewe alitafuta transfoma ya kushusha umeme, sanduku zito la chuma linalotoa volti 100. Gramafoni ikachomekwa huko, ikaunganishwa kwenye tundu za PHONO za amplifaya. Nasisitiza tundu hizo, kwa sababu sindano hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, na ni PHONO peke yake inayojua kuukuza na kurudisha besi iliyopunguzwa makusudi wakati wa kukata sahani. Ukichomeka kwenye AUX unasikia mnong'ono. Tukasikia pia mvumo mzito, tukaufungia waya mwembamba wa ethi kwenye skrubu ya nyuma, mvumo ukatoweka. Sahani ikazunguka. Nilichagua santuri ndogo ya mizunguko 45, ya Lucky Star, kwa heshima ya mama mkwe ambaye alikuwa amevaa kanga mpya kwa tukio hilo.

Alisikiliza beti moja. "Huyu mwanamke anaumwa," akasema.

Besi ilikuwa nzito, ngoma zilikuwa zinaburuta, na sauti ya mwimbaji ilikuwa imeshuka mpaka karibu na ya kiume. Shemeji akasema ndivyo santuri za zamani zilivyo. Mama mkwe akamtazama mwanawe kwa muda. "Mimi nimemsikia Shakila akiimba, kwa masikio yangu, Tanga hii hii," akasema, "na huyu anayeimba hapa naijua sauti yake kama ya dada yangu. Huyu hapa anaumwa, au mashine inaumwa."

Niliipindua gramafoni. Kibati kilisema volti 100, hezi 60. Ilitoka upande wa Osaka. Mota ya namna ile huzunguka kwa kufuata mapigo ya umeme wenyewe. Transfoma hushusha volti lakini mapigo inayapitisha yalivyo. Kilichotakiwa kupigwa mara 60 kwa sekunde kilikuwa kinapigwa mara 50. Sahani ya mizunguko 45 ilikuwa inazunguka mizunguko 37 na nusu, na wimbo wote ulikuwa umeshuka zaidi kidogo ya nusu-toni tatu. Mama mkwe alikuwa amesema kweli tupu.

Dawa yake iko kwenye puli. Ukiondoa ile sahani nzito unaona kijipuli kwenye shingo ya mota, chembamba kuliko penseli, chenye ngazi mbili, moja ya 33 na moja ya 45, na mkanda wa mpira unakizunguka. Mota ikienda polepole kwa moja ya sita, puli inene kwa moja ya tano, na mwendo unarudi. Viwandani walitengeneza puli za namna zote mbili, lakini kuagiza ya umri ule Japani ni kuanza safari nyingine. Fundi akatupeleka kwa mzee mmoja anayekereza vyuma, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Mzee aliipima ile puli kwa kifaa chake, akaiandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu, akachukua kipande cha shaba ya manjano kutoka kwenye koki ya maji iliyokufa. Alitueleza kwamba hesabu ya moja ya tano haitoshi, kwa sababu mkanda nao una unene wake na unahesabika. Basi angekereza nene kidogo kuliko inavyotakiwa, halafu ipunguzwe kwa msasa ikiwa kwenye mota yake.

Kupunguza mpaka wapi? Hapo ndipo tulipoingia jikoni.

Mwendo wa gramafoni hupimwa kwa karatasi na taa. Unachora duara lenye mistari 180, unaliweka juu ya sahani inayozunguka, unaliangalia chini ya taa inayomweka kwa mapigo ya umeme wa hezi 50. Taa humweka mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Lakini kama sahani inakwenda mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, kila mweko unakuta mstari umekaa mahali pa mwenzake, na duara zima linaonekana limesimama. Ikienda kasi mistari inatambaa mbele. Ikichelewa inarudi nyuma. Binti yangu wa kidato cha pili alichora duara lile kwa protrakta na kalamu nyeusi, mstari kila nyuzi mbili, jioni nzima ulimi ukiwa nje pembeni ya mdomo. Hakuna hata mstari mmoja uliopinda. Limebandikwa kwenye kadi na ninalo hadi leo.

Taa ndiyo ilikuwa shida. Nyumba yote tulishabadilisha tukaweka za LED, na hizo nyingi hazimweki kwa namna inayofaa. Tuliwasha chumba hadi chumba, mistari ikawa ukungu wa kijivu tu. Taa ya zamani ilibaki moja: tubulaiti ya jikoni, yenye choki na stata, ambayo mama mkwe amekataa isiguswe kwa sababu chini ya LED samaki haonekani ameiva.

Basi Jumamosi iliyofuata saa sita mchana gramafoni ilihamia jikoni. Meza ikafutwa. Transfoma ikakaa juu ya gunia la mchele. Mama mkwe hakuahirisha kukaanga. Wageni wa mchana walikuwa njiani na changu wameshatiwa chumvi na ndimu. Alichofanya ni kusogeza kikaango mwisho wa jiko, kukifunika kwa sufuria, na kutandaza ile kanga yake mpya baina ya mafuta na gramafoni, ameishikilia ncha moja mwenyewe na nyingine nikaishika mimi. Fundi alitoa mkanda, akawasha mota, akagusisha msasa laini kwenye ngazi zote mbili za puli inayozunguka kwa muda wa pumzi moja, akaifuta vumbi la shaba, akarudisha mkanda, akaweka sahani, akaweka duara la binti yangu. Tukainama wote. Mistari ilikuwa inatambaa mbele. Akatoa mkanda tena. Mume wangu alikuwa anashika saa bila sababu yoyote. Shemeji alikuwa anahesabu vipande vya samaki.

Kila tulipoinama mistari ilikuwa inatambaa polepole zaidi. Nakumbuka mlio wa choki ya tubulaiti, mafuta yakilia chini ya sufuria, na kitinda mimba akiuliza kama ile karatasi ina sumaku. Mara ya mwisho Fundi aligusisha msasa ukawa haujagusa hasa, na tulipoinama mistari 180 ilikuwa imesimama. Sahani inazunguka, duara limetulia. Binti yangu alipiga makofi peke yake, halafu sote.

Tulikula kwanza, kwa amri. Kisha gramafoni ikarudi sebuleni, na ile santuri ya Lucky Star ikawekwa. Gitaa likawa jepesi, ngoma zikashika mahali pake, mwimbaji akarudi kuwa mwanamke. Mimi machozi yalinilenga, kwa sababu hiyo ndiyo baraza ya Mjomba.

Mama mkwe aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho. "Amepona," akasema. "Lakini bado anasinzia kidogo."

Mjadala ulioanza hapo ulidumu muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Mimi nilisimama na mistari: duara halina upande, na mwendo ule ndio waliokusudia waliokata sahani. Mume wangu alisimama na mama yake, na haikunishangaza. Fundi ndiye aliyeuliza swali la maana. "Mama, shikamoo tena. Wimbo huu uliujulia wapi?"

Aliujulia Pangani, kwenye baraza ya duka la kaka yake, kwa gramafoni ya betri. Fundi akacheka kwa furaha. Gramafoni zile mota zake zilidhibitiwa na kidude cha springi, na mwendo uliwekwa kwa skrubu ndogo. Mwenye duka aliyetaka wimbo uchangamke aliigeuza kidogo, na wateja wakauzoea hivyo. Shakila mwenyewe mama mkwe alimsikia kwa masikio yake, ndiyo, lakini wimbo huu hasa yeye na wasichana wa mtaa wake waliupokea kwenye santuri, wakauimba kwenye harusi, wakaulelea watoto, wote kwa mwendo wa skrubu ya Pangani. Mume wangu alibembelezwa nao.

Msimamo wangu haukubadilika: ukiwa na gramafoni nyumbani iweke kwenye mwendo wake halali, kwa sababu sauti ya mtu ni ya kwake, na kuipandisha au kuishusha ni kumvisha uso mwingine. Ila siwezi kumwambia mwanamke wa umri ule kwamba wimbo aliomlazia mwanawe, baba wa wanangu, ulikuwa wa makosa. Nilirudi mwenyewe kwa mzee wa kukereza. Nilimwomba puli ya pili, nene kuliko ya kwanza kwa robo milimita tu. Hakuuliza sababu. Aliniambia tu nizitie alama nisije nikazichanganya, na akaichoma ya pili nukta ndogo kichwani.

Puli hukazwa na skrubu ndogo kiasi kwamba bisibisi yake ni ile ya kurekebishia miwani. Mume wangu ameichukua kazi hiyo. Alhamisi jioni anafunga yenye nukta, Jumamosi asubuhi anarudisha ya mistari, na mkanda ukishatolewa naufuta kwa kitambaa chenye tone la spiriti, maana mkanda wenye mafuta ya vidole huteleza, na mkanda unaoteleza haujali una puli gani. Mtambo huu unaimba karibu kila siku, na nimeona faida yake. Vifundo haviwahi kushika kutu, rilei haisahau kufunga, mjusi hapati wiki ya kuweka makazi. Mitambo niliyoiona imekufa Tanga, mingi ilifungiwa kabatini kwa kuthaminiwa.

Wiki iliyopita kaka yake mama mkwe alikuja kutoka Pangani, mwenye duka mwenyewe, mzee wa fimbo. Tulimwekea puli yenye nukta, tumkaribishe kwa mwendo wake. Alisikiliza akiwa ameegemea fimbo, akamgeukia dada yake, akamwambia kwamba wakati ule skrubu aliigeuza zaidi ya hapa. Wamebishana mpaka magharibi. Mzee wa kukereza ameshapelekewa koki nyingine.